Mary McLeod Bethune: mtoto wa shamba la pamba mwenye alitafutia maskini njia ya chuo kikuu

Mzazi mwenye watoto wengi na mfuko mwepesi anaijua ile hesabu ya mwezi wa tisa: nani aende masomo, nani abaki kwanza nyumbani. Leo tunawaletea maisha ya mama mmoja wa Marekani, Mary McLeod Bethune, mwenye alikomalia ndani ya hesabu hiyo. Kwao walizaliwa watoto 17. Shule ilipofunguliwa, mwenye alitumwa ni yeye mmoja.

Alizaliwa tarehe 10 Julai 1875 karibu na Mayesville, mu jimbo la South Carolina. Wazazi wake, Samuel na Patsy, walikuwa watumwa mpaka vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani ilipoisha mwaka wa 1865. Wakubwa wake wengi walizaliwa utumwani. Mary, mtoto wa 15, alizaliwa huru. Huru ndiyo, lakini familia ilikuwa inaishi na kashamba ka pamba, na mama yake alikuwa anafua nguo za wazungu. Mary mwenyewe alisimulia mara nyingi namna siku moja alimfuata mama yake kupeleka nguo, akashika kitabu mu ile nyumba, na mtoto wa kizungu akamwambia akirudishe kwani yeye hajui kusoma. Jambo hilo halikumtoka rohoni.

Misioni ya Presbiteri ilipofungua shule ya watoto weusi Mayesville, wazazi waliweza kutoa mkono mmoja tu shambani. Mary njo alienda: karibu kilometa 8 kwa miguu asubuhi, na kilometa 8 zingine za kurudi. Jioni alifundisha wa nyumbani yale alisoma mchana.

Kisha ile shule ikaisha, na akarudi kulima pamba, juu hakukuwa feza ya kumpeleka mbele. Tusimame hapa kidogo. Akili alikuwa nayo. Nia alikuwa nayo, na mwalimu wake alimtegemea. Kilichokosa ni mtu wa kulipa. Mbali sana, mu mji wa Denver, kulikuwa mama mmoja mshonaji wa nguo, hata yeye hapana tajiri, mwenye alikuwa anaweka pembeni sehemu ya mapato ya sindano yake apate kusomesha mtoto mmoja mweusi. Mwalimu wa Mayesville akamchagua Mary. Mwaka wa 1888 akapanda treni kwenda Scotia Seminary, shule ya wasichana weusi mu mji wa Concord, North Carolina. Kule alisoma huku anafua na kusafisha, kwa kuongezea ile feza ya mshonaji. Alimaliza mwaka wa 1894.

Alisoma tena mwaka mmoja Chicago, mu shule ya Biblia, kwa nia ya kuja Afrika kama mmisionari. Wakubwa wa misioni wakamjibu kwamba hawana nafasi ya mmisionari mweusi Afrika. Ndiyo, mmesoma vizuri! Akarudi kusini kufundisha, akaolewa na Albertus Bethune mwaka wa 1898, wakapata mtoto mwanaume.

Tarehe 3 Oktoba 1904, mu mji wa Daytona, Florida, alifungua shule yake. Mfukoni alikuwa na dolari 1 na senti 50. Wasichana walikuwa watano, pamoja na mtoto wake wa sita. Nyumba ilikuwa ya kulipia dolari 11 kwa mwezi. Masanduku ya mbao yakawa viti na meza, kalamu ni makaa ya miti iliyoungua, wino ni maji ya matunda ya porini. Usiku alipika keki za viazi vitamu, na mchana akaziuzisha kwa wafanyakazi waliokuwa wanajenga reli. Mama mwenye amesomesha watoto na beseni ya mandazi barabarani hatashangaa. Miaka miwili haijaisha, wanafunzi walikuwa wamefika karibu 250, na keki haziwezi kulipia watu 250. Akaanza kugonga milango ya matajiri wanaokuja Daytona kupumzika wakati wa baridi. James Gamble, wa kampuni ya sabuni Procter & Gamble, alikubali kuongoza baraza la shule.

Mwanzoni wasichana walifundishwa sana kupika, kushona na kazi za nyumba. Kazi hizo zinalisha mtu, lakini mingi zilikuwa zinamfikisha jikoni kwa mzungu na kumwacha palepale. Mama Bethune alijua hilo, na hakuacha kupandisha ngazi. Mwaka wa 1923 shule yake iliungana na Cookman Institute, shule ya wavulana na wasichana weusi ya Jacksonville. Mwaka wa 1931 ikawa Bethune-Cookman College, na mwaka wa 1941 ikapata ruhusa ya kutoa masomo ya miaka minne ya chuo kikuu.

Lakini feza ya tajiri inafuata moyo wa tajiri, na ile ya mshonaji inatosha mtoto mmoja. Njia ingine ilifunguka wakati wa Rais Franklin Roosevelt, uchumi wa Marekani ukiwa umeanguka. Serikali iliunda mwaka wa 1935 shirika la kusaidia vijana, National Youth Administration. Kijana alipewa kazi kidogo palepale anaposomea, na mshahara wake ukamlipia masomo: wa sekondari hawakupita dolari 6 kwa mwezi, wa chuo kikuu walipata zaidi. Mwaka wa 1936 Mama Bethune aliingizwa kuongoza sehemu ya vijana weusi. Kule kusini, viongozi wa majimbo wangeweza kugawa zote kwa wazungu na hakuna wa kuwauliza. Yeye aliuliza. Alisukuma watu weusi wawekwe mu ofisi za majimbo, na akapata fuko la pekee kwa wanafunzi weusi wa ngazi za juu, juu vyuo vikuu vya kusini vilikuwa vinawafungia mlango.

Shirika hilo lilifungwa mwaka wa 1943, wakati wa vita. Mwaka uliofuata, yeye na Frederick Patterson wa Tuskegee pamoja na wengine waliunganisha vyuo 27 vya watu weusi mu fuko moja, United Negro College Fund, vyuo viache kuombaomba kila kimoja kwa njia yake. Fuko hilo lingali linalipia wanafunzi hata leo.

Mwaka wa 1952 hatimaye alikanyaga Afrika, Liberia, kwa sherehe ya kuapishwa kwa Rais Tubman. Hakuja kama mmisionari. Alitumwa na serikali ya Marekani. Alifariki Daytona tarehe 18 Mei 1955, akiwa na miaka 79, na akazikwa mu kiwanja cha chuo chake. Mwezi wa saba 2022, sanamu yake iliwekwa mu jengo la bunge Washington kwa jina la jimbo la Florida, fasi palipokuwa sanamu ya jenerali mmoja wa jeshi lililopigania utumwa uendelee.