Mtemi Lusinga: kaburi liko wapi, kichwa kiko wapi?

Wakati wa likizo kubwa ya Julai na Agosti, wazazi wengi wa Bukavu hutafuta pahali pa kupeleka watoto. Wengine huwapeleka kwenye jumba la makumbusho lililoanzishwa na mapadri Wasaveri, waone vitu vya mababu kama vile vya Warega. Lakini kuna vitu vya mashariki ya Kongo ambavyo mtoto wa hapa hawezi kuviona bila viza na tiketi ya ndege. Kimoja kinamhusu Lusinga lwa Ng'ombe.

Lusinga alizaliwa karibu mwaka 1840. Alikuwa mtemi wa Watabwa kwenye milima iliyo magharibi ya Ziwa Tanganyika, katika teritware ya Moba ya leo. Hakuwa malaika. Zamani hizo wafanyabiashara wa kutoka pwani walitaka pembe za ndovu na watumwa, na Lusinga aliingia katika biashara hiyo. Alisafiri mpaka ng'ambo ya ziwa, akarudi na bunduki na baruti, na kwa nguvu hiyo akawatawala majirani. Vijiji vingi vilimuogopa. Mwaka 1879 Mskochi Joseph Thomson alifika kwake, na sifa mbaya za mtemi huyo zikafika Ulaya.

Mwaka 1883 akatokea mtu mwingine mwenye bunduki. Luteni Émile Storms, Mbelgiji, alitumwa na shirika la mfalme Léopold wa Pili. Alijenga ngome huko Mpala, ukingoni mwa ziwa, akafanya undugu wa damu na mtemi wa pale. Watemi wengine walikubali kuwa chini yake. Lusinga alikataa. Fahali wawili hawakai zizi moja.

Tarehe 4 Desemba 1884, wapiganaji wa Storms walishambulia kijiji cha Lusinga. Storms mwenyewe hakuwepo, alibaki ngomeni. Watu zaidi ya 50 waliuawa, wengine wengi wakachukuliwa mateka, nyumba zikachomwa. Lusinga alikatwa kichwa, na kichwa hicho kikapelekwa kwa Storms. Pamoja nacho ilichukuliwa sanamu ya mti ya ukoo wa mtemi, ambayo kwa Watabwa ilikuwa heshima ya mababu, si pambo la nyumba.

Mwaka 1885 Storms aliwaachia Mapadri Weupe ngome ya Mpala, akarudi kwao na vitu hivyo. Wataalamu wa Brussels walilipima fuvu la Lusinga kama vile mtu anavyopima mfupa wa mnyama, wakitafuta kuonyesha kwamba Mwafrika ni mtu wa chini. Storms alikufa mwaka 1918. Baadaye mjane wake alitoa vitu vyake kwa makumbusho ya Tervuren. Sanamu ingali huko. Fuvu lilihamishiwa mwaka 1964 katika Taasisi ya Sayansi za Asili, Brussels, likakaa ndani ya sanduku bila watu wengi kujua. Ni mwaka 2018 tu ambapo gazeti moja la Ubelgiji lilifunua habari hiyo kwa watu wote.

Tangu hapo mambo yameanza kutikisika. Juni 2022 mfalme Philippe alikuja Kongo, akafika mpaka hapa Bukavu. Kule Kinshasa alikabidhi kinyago cha Wasuku. Mwezi huohuo sanamu ya Storms iliondolewa kwenye uwanja mmoja wa Ixelles. Julai 2022 Ubelgiji ilipata sheria ya kurudisha vitu vya enzi ya ukoloni, lakini sheria hiyo haikugusa mabaki ya watu. Yaani kinyago kina njia, fuvu la mtu halina.

Kwingine njia ipo. Marekani ina sheria ya mwaka 1990 inayodai makumbusho kurudisha mifupa ya mababu kwa wenyeji wa asili, kama Wacherokee, ili waizike wenyewe.

Lusinga aliuza watu, na hilo lisifichwe kwa watoto. Lakini hata mtu mwenye makosa huzikwa na watu wake. Mtemi huyo ana zaidi ya miaka 130 bila matanga kamili: mwili ulibaki Moba, kichwa kiko Brussels.