Temu: Aliyetangulia Keino kwa dhahabu ya Olimpiki

MKENYA akitajiwa Michezo ya Olimpiki ya Mexico City ya mwaka 1968, jina la kwanza kumjia ni la Kipchoge Keino. Si makosa. Lakini wiki moja kabla ya Keino kutwaa dhahabu ya mita 1,500, mwanajeshi kutoka Kisii alikuwa ameishaipatia Kenya dhahabu yake ya kwanza kabisa ya Olimpiki. Huyo alikuwa Naftali Temu.

Marehemu Temu alizaliwa Aprili 20, 1945, katika nchi ya Abagusii iliyokuwa imemtoa Nyandika Maiyoro, mmoja wa Wakenya walioshiriki Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956. Alinolewa jeshini, kama wengi wa kizazi chake. Akiwa na miaka 19 tu alipelekwa Tokyo kukimbia marathoni, umbali usiomfaa barobaro wa umri huo, akamaliza nyuma sana ya washindi.

Mwaka 1966, jijini Kingston, Jamaica, alikutana na Ron Clarke wa Australia katika mbio za maili sita za Michezo ya Jumuiya ya Madola. Clarke ndiye aliyeshikilia rekodi ya dunia. Temu alimwacha kwa zaidi ya sekunde 20. Ushindi huo wafaa kukumbukwa, kwa kuwa wapo waliodai baadaye kwamba dhahabu ya Mexico ililetwa na hewa nyepesi ya nyanda za juu. Kingston iko ufuoni mwa bahari, na joto lake ni kali.

Fainali ya mita 10,000 ilifanyika Oktoba 13, 1968, mahali palipo zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Mbio zilikwenda polepole, kisha zikaanza kuwaangusha watu. Keino, aliyekuwa akisumbuliwa na maumivu ya tumbo, alishindwa kumaliza. Clarke alifika wa sita, akazirai na kutibiwa kwa oksijeni. Katika mzunguko wa mwisho Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa mbele. Temu alimpita kwenye mkondo wa mwisho, akashinda kwa dakika 29 na sekunde 27.4, pungufu ya sekunde moja mbele ya Wolde. Mohamed Gammoudi wa Tunisia akawa wa tatu.

Siku nne baadaye Temu alipata shaba ya mita 5,000 nyuma ya Gammoudi na Keino. Kisha, kana kwamba hayo hayakutosha, akakimbia marathoni na kumaliza wa 19, siku ile ile Keino aliposhinda mita 1,500 na sifa zote zikamwelekea yeye.

Jijini Munich mwaka 1972 Temu hakuvuka mchujo. Zama zake sheria za riadha hazikuruhusu malipo, hivyo miguu yake haikumtajirisha. Alifariki Nairobi Machi 10, 2003, kwa saratani ya tezi dume, akiwa na miaka 57.

Tangu siku ile ya 1968, hakuna mwanamume Mkenya aliyetwaa tena dhahabu ya mita 10,000 katika Olimpiki. Paul Tergat aliikosa mara mbili, mwaka 2000 kwa chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mo Farah wa Uingereza aliichukua 2012 na 2016. Jijini Paris mwaka 2024 ilikwenda kwa Joshua Cheptegei wa Kapchorwa, upande wa Uganda wa Mlima Elgon, kaskazini mwa Malaba.