Robert Koch: Daktari wa vijidudu aliyepanda hadi Amani

Kila tunapofanya kipindi cha afya, wasikilizaji wetu wa Muheza, Pangani na Mkinga hutuletea swali hili: inakuwaje mtu apone homa, ale, arudi shambani, kisha baada ya siku chache homa ile ile imlaze tena? Sehemu ya jibu imo katika maisha ya daktari aliyefanya kazi kwenye milima yetu ya Usambara zaidi ya miaka 100 iliyopita. Leo tunamsimulia Robert Koch.

Koch alizaliwa Desemba 11, 1843, mjini Clausthal, Ujerumani. Alisomea udaktari Göttingen, akahudumu kama daktari katika vita vya Ujerumani na Ufaransa, kisha akapangiwa kazi ya daktari wa wilaya huko Wollstein, mji mdogo ambao leo uko Poland. Hakuwa na maabara ya serikali. Alikuwa na hadubini yake na sehemu ya chumba cha kutibia wagonjwa, na humo humo, mwaka 1876, akathibitisha kuwa kimeta kinaletwa na bakteria.

Miaka miwili baadaye aligeukia vidonda. Wakati ule majeruhi wengi hawakuuawa na risasi bali na kidonda kuoza, na madaktari walibishana kuhusu chanzo chake. Koch aliwachoma panya sindano za majimaji yaliyooza, akagundua kuwa kila namna ya kuoza ina bakteria wake. Wengine walileta jipu la usaha. Wengine, waliojipanga kama shanga, walisambaa chini ya ngozi wakiua nyama mbele yao.

Sifa yake ilikua haraka. Machi 24, 1882, alitangaza bakteria wa kifua kikuu, na miaka iliyofuata akawachunguza wa kipindupindu Misri na India. Lakini mwaka 1890 alitangaza dawa ya kifua kikuu, tuberkulini, kabla haijathibitishwa. Haikuponya, na wapo wagonjwa waliozidiwa na kufa. Baadaye ilibaki na faida kama kipimo tu.

Mwaka 1905 Koch alikuwa Afrika Mashariki, iliyokuwa koloni la Wajerumani. Alifanya uchunguzi kwenye njia za misafara, na pia akapanda Amani, ambako taasisi ya utafiti ilikuwa imefunguliwa mwaka 1902. Huko alichunguza mbung'o na vimelea vyao. Mwaka uliofuata alirudi Amani kabla ya kuelekea Ziwa Viktoria.

Kwenye misafara aliwakuta wasafiri wakiugua homa ya kujirudia, ile ambayo wazee wetu wanaiita homa ya papasi. Papasi ni kupe anayejificha kwenye sakafu ya udongo na nyufa za kuta, akatoka usiku kunyonya damu. Watafiti wengine, Uganda na Kongo, walikuwa wameshamshuku. Mmoja wao, Mwingereza Joseph Dutton, alifariki Kongo mwaka huo huo akiwa katika kazi hiyo. Koch aliwapasua papasi, akaona bakteria waliojikunja kama uzi wa parafujo, na akawaona hata ndani ya mayai yao. Maana yake, papasi mama huwarithisha watoto. Aliona pia kuwa wenyeji hawakuugua sana kama wageni, akaeleza kuwa walipata kinga kwa kuugua utotoni.

Jambo ambalo Koch hakuliona lilifahamika miongo mingi baada ya kifo chake. Bakteria huyu amevaa koti la protini. Mwili hutengeneza kingamwili za kulitambua koti hilo, bakteria wanauawa, homa inashuka. Lakini wachache kati yao huwa wameshabadilisha koti. Askari wa mwili wanatafuta sura ya zamani, na wale wapya wanazaana. Homa inarudi.

Na wale wa kidonda, waliojipanga kama shanga? Jamii yao ina hila nyingine. Wengine hujifunika utando unaofanana na kitu kilichomo mwilini mwetu, wakapita kama wenyeji. Chembe nyeupe za damu zinapowatupia wavu uliofumwa kwa vinasaba, wao hutoa kimeng'enya cha kuukata. Katika maambukizi makali, wanaonusurika mara nyingine ni wale waliopata mabadiliko yanayowafanya wawe wakali zaidi, na hao ndio wanaozaana na kuvamia nyama za ndani. Yaani mapambano ya mwili yenyewe huwachuja, wakabaki wagumu.

Ndiyo maana mwiba wa mkonge au mfupa wa samaki usidharauliwe. Kidonda kidogo kikiuma kupita ukubwa wake, uvimbe ukipanda kwa saa chache, ngozi ikibadilika rangi na homa ikaanza, hiyo si kazi ya kukanda kwa maji ya moto. Ni hospitali, siku hiyo hiyo.

Hatuwezi kumaliza bila kutaja Visiwa vya Sese, Uganda. Mwaka 1906 na 1907 Koch aliwatibu wagonjwa wa malale kwa atoksili, dawa yenye arseniki. Alipoongeza dozi, baadhi yao walipofuka wasione tena. Walikuwa Waafrika waliomjia wakitafuta uzima, na majina yao hayakuingia kwenye vitabu kama lake, lililokuwa limeshapata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1905.

Koch alifariki Mei 27, 1910, huko Baden-Baden, akiwa na miaka 66. Ukipanda Amani leo, utafiti wa magonjwa bado unaendelea wilayani Muheza, na sasa watafiti wengi ni Watanzania. Nasi tukiulizwa tena kuhusu homa inayorudi, tutajibu hivi: ikishuka, usijihesabu umepona. Nenda ukapime damu, na dozi uimalize.