Bobby Darin, mwimbaji aliyeuawa na ugonjwa wa koo wa utotoni

Mwimbaji wa Marekani Bobby Darin alifariki dunia tarehe 20 Disemba 1973 mjini Los Angeles, baada ya upasuaji wa moyo uliochukua zaidi ya saa sita. Alikuwa na umri wa miaka 37. Ugonjwa uliomuua ulianza alipokuwa mtoto, na haukuanzia moyoni bali kooni.

Alizaliwa tarehe 14 Mei 1936 mjini New York, katika familia masikini, kwa jina la Walden Robert Cassotto. Alilelewa na Polly, mwanamke aliyewahi kuimba jukwaani, ambaye yeye alimwita mama. Ndani ya nyumba hiyo alikuwemo pia Nina, aliyejulikana kama dada yake mkubwa.

Alipofika umri wa miaka 8 alishikwa na homa ya rimatisme. Homa hiyo ilimrudia mara kadhaa kabla hajawa kijana. Maumivu ya viungo yalimlaza kitandani, na masomo yakakatika mara kwa mara. Inasimuliwa kwamba siku moja alimsikia daktari akiambia familia kuwa mtoto huyo akifikisha miaka 16 itakuwa ni bahati.

Homa ya rimatisme huanza na maumivu ya koo yanayoletwa na bakteria iitwayo streptokoki ya kundi A. Mwili hutengeneza kingamwili za kupambana nayo. Lakini juu ya bakteria hiyo kuna proteini, iitwayo proteini M, inayofanana kwa sehemu na proteini za moyo wa binadamu. Ni kama mwizi aliyevaa nguo za mwenye nyumba: walinzi wakishazoea kumtambua kwa nguo hizo, mwenye nyumba naye hupigwa.

Hivyo, wiki mbili au tatu baada ya koo kupona, viungo huvimba na moyo hushambuliwa na ulinzi wa mwili wenyewe. Valvu za moyo, yaani milango midogo inayozuia damu kurudi nyuma, huvimba na kubaki na makovu. Si kila mtoto mwenye koo hilo hupata homa hii. Ni wachache tu. Lakini kwa yule aliyekwisha kuipata, kila mara bakteria ikirudi, makovu huongezeka.

Katika mji huo huo wa New York, mtafiti Rebecca Lancefield alikuwa akiichunguza bakteria hiyo kwa miaka mingi. Ndiye aliyeitambua proteini M, na mwaka wa 1933 alitangaza namna ya kuzigawa streptokoki katika makundi. Penisilini ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kupatikana, na wakati wa vita ilipewa askari kwanza. Mwaka wa 1950 ndipo madaktari waliofanya kazi na askari huko Wyoming walipoonyesha kwamba penisilini ikitolewa mapema kwa mgonjwa wa koo huzuia homa ya rimatisme. Bobby alikuwa na miaka 14, na moyo wake ulikuwa umekwisha kuharibika.

Kijana huyo alijifunza piano, ngoma na gitaa, akafanya kazi kama mtu anayejua siku zake ni chache. Mwaka wa 1958 wimbo Splish Splash ulimpa jina. Mwaka uliofuata Mack the Knife ulikaa wiki tisa katika nafasi ya kwanza Marekani na kumletea tuzo za Grammy. Aliingia pia katika sinema, akapendekezwa kwa tuzo ya Oscar kwa filamu Captain Newman, M.D. ya mwaka wa 1963.

Mwaka wa 1968, akiwa na miaka 32, aliambiwa siri ya familia: Nina, aliyemwita dada, ndiye mama yake mzazi, na Polly alikuwa bibi yake. Habari hiyo ilimvunja sana.

Moyo nao ulizidi kuchoka. Alifika mahali pa kupumua oksijeni nyuma ya jukwaa ili aweze kuimba. Mwaka wa 1971 madaktari walimwekea valvu mbili za bandia. Mtu mwenye valvu kama hizo hutakiwa kumeza antibiotiki kabla ya kutibiwa meno, kwa kuwa bakteria za mdomoni zinaweza kuingia katika damu na kukaa kwenye valvu. Mwaka wa 1973 Bobby alitibiwa meno bila kumeza dawa hiyo. Maambukizi yakaenea katika damu na kuuharibu zaidi moyo wake. Upasuaji wa mwisho haukumwokoa. Mwili wake ulitolewa kwa ajili ya utafiti wa tiba.

Katika inchi tajiri ugonjwa huu sasa ni nadra. Kwingine duniani bado unaua watu zaidi ya 300,000 kila mwaka. Mjini Kinshasa, uchunguzi wa wanafunzi uliotangazwa mwaka wa 1998 ulikuta takriban watoto 14 kwa kila 1,000 wakiwa na moyo ulioharibiwa na homa ya rimatisme. Mwaka wa 2018 mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulizitaka serikali zote zipambane nayo.

Dawa ni ile ile iliyomkosa Bobby Darin utotoni. Mtoto mwenye homa na koo linalouma anapaswa kupimwa katika kituo cha afya, na akikutwa na streptokoki apewe penisilini na kuimaliza. Yule aliyekwisha kupata homa ya rimatisme hupigwa sindano ya penisilini kila wiki tatu au nne, kwa miaka mingi, ili bakteria isirudi tena kuuchokoza moyo wake.