Al Jackson, Jr.

Al Jackson, Jr. (27 Novemba 1935 – 1 Oktoba 1975) alikuwa mpiga dramu, mtunzi wa nyimbo na mtayarishaji wa muziki kutoka mji wa Memphis, jimbo la Tennessee, nchini Marekani. Anafahamika zaidi kama mmoja wa wanamuziki wanne wa Booker T. & the M.G.'s, bendi iliyopiga muziki wa soul kwa ala tupu bila mwimbaji, na ambayo ndiyo iliyokuwa bendi ya nyumbani ya studio za Stax. Mwaka 1970 bendi hiyo ilitoa albamu ya McLemore Avenue, ambamo karibu albamu nzima ya Abbey Road ya Beatles imepigwa upya kwa ala.

== Maisha ya awali ==

Jackson alizaliwa Memphis katika nyumba ya muziki. Baba yake, Al Jackson, Sr., alikuwa kiongozi wa bendi ya dansi iliyojulikana sana mjini humo, na mtoto alianza kupiga dramu jukwaani katika bendi hiyo akiwa bado mdogo mno. Baadaye alipiga katika bendi ya mpiga tarumbeta Willie Mitchell, aliyetumbuiza usiku katika kumbi za Memphis. Kumbi hizo ndizo zilizokuwa shule yake. Mpiga dramu wa bendi ya dansi hana nafasi ya kujionyesha: akiharakisha au akichelewesha mwendo, watu wanaondoka sakafuni. Jackson alijifunza kushika mwendo mmoja kuanzia mwanzo wa wimbo hadi mwisho, na sifa hiyo ilimfuata maisha yake yote.

== Stax ==

Kampuni ya Stax ilianzishwa na Jim Stewart na dada yake Estelle Axton, na jina lake limetokana na herufi za mwanzo za majina yao ya ukoo. Studio ilikuwa ndani ya jengo lililokuwa sinema, katika barabara ya McLemore, na pembeni yake Bi. Axton aliendesha duka la santuri.

Booker T. Jones, kijana mpiga kinanda, alikuwa amemsikia Jackson kwenye bendi ya Mitchell, na ndiye aliyewashauri wenye studio wamwite. Jackson alikuwa na kipato cha uhakika kwenye kumbi, wala hakuwa tayari kukiacha kwa ahadi tupu. Alidai mshahara wa kila wiki, akapewa. Wakati huo wanamuziki wa studio walilipwa kwa kila kazi, kwa hiyo sharti hilo halikuwa dogo.

Mwaka 1962 Jones, Jackson, mpiga gitaa Steve Cropper na mpiga besi Lewie Steinberg walikuwa studioni wakimsubiri mwimbaji. Kazi ya mwimbaji huyo haikufanikiwa, nao wakaendelea kupiga kwa kujifurahisha, huku Stewart akiwarekodi. Alipoipenda rekodi hiyo walihitaji wimbo wa kuweka upande wa pili wa santuri. Huo wa pili, Green Onions, ndio uliopendwa zaidi. Ulifika nafasi ya 3 katika chati kuu ya Marekani na nafasi ya 1 katika chati ya R&B. Jones alikuwa na umri wa miaka 17. Baadaye nafasi ya Steinberg ilichukuliwa na Donald "Duck" Dunn.

Tangu hapo bendi ilikuwa na Weusi wawili, Jones na Jackson, na Wazungu wawili, Cropper na Dunn. Katika Memphis ya miaka ile jambo hilo halikuwa la kawaida. Sheria na desturi za ubaguzi ziliwatenganisha watu shuleni na mahotelini, lakini ndani ya studio wanne hao walifanya kazi pamoja kila siku. Walipiga nyuma ya Otis Redding, Sam & Dave, Albert King na wengine wengi. Msikilizaji anayezijua nyimbo za waimbaji hao anamjua Jackson pia, hata kama hajawahi kulisikia jina lake.

== Upigaji wake ==

Jackson hakuwa mpiga dramu wa makeke. Alipiga vitu vichache na kuviweka mahali pake. Inaelezwa kwamba aliweza kuweka pochi yake juu ya ngoma ndogo ili kuukata mwangwi, ndiyo sababu pigo lake linasikika fupi na kavu.

Mwaka 1965 Wilson Pickett aliletwa Memphis kurekodi In the Midnight Hour. Mtayarishaji Jerry Wexler aliwachezea wanamuziki mtindo mpya wa dansi uliopendwa na vijana ili waone mkazo unapoangukia. Katika mdundo wa hesabu ya nne, mkazo wa ngoma ndogo huwa kwenye pigo la pili na la nne. Jackson na Cropper walianza kuyachelewesha mapigo hayo mawili kidogo sana, bila kuupunguza mwendo wenyewe. Kuchelewa huko ni kudogo kiasi kwamba sikio halikutambui kama kosa, ila mwili unakuhisi. Bendi ikichelewa hivyo bila kushikana, wimbo unaanguka. Hawa walichelewa pamoja.

== McLemore Avenue ==

Miaka ya mwisho ya 1960 ilikuwa migumu kwa Stax. Otis Redding alikufa katika ajali ya ndege mnamo Desemba 1967. Aprili 1968 Martin Luther King, Jr. aliuawa hapohapo Memphis, katika Lorraine Motel, ambako wanamuziki wa Stax walizoea kukutana. Mwaka huohuo ushirikiano na kampuni ya Atlantic ulivunjika, na Stax ikapoteza haki za rekodi zake nyingi za zamani.

Abbey Road ilitoka Septemba 1969. Booker T. Jones alivutiwa nayo mno, na miezi michache baadaye bendi ikatoa jibu lake. Picha ya jalada inawaonyesha wanne hao wakivuka barabara mbele ya Stax, kama Beatles walivyovuka ya kwao London. Kati ya nyimbo 17 za Abbey Road walichukua 13, wakaziunganisha katika mifululizo mitatu, wakaacha Something peke yake isimame mbali. Mfululizo wa kwanza una urefu wa zaidi ya dakika 15, na unaanzia karibu na mwisho wa albamu ya Beatles.

Kazi ya sauti za waimbaji imegawanywa kati ya kinanda na gitaa. Kwa Jackson mtihani ulikuwa mwingine: kuvuka kutoka wimbo hadi wimbo bila maneno ya kumwongoza msikilizaji. Kwa wengine albamu hii ni mzaha wa jalada tu. Wanakosea, kwani heshima iliyomo ni ya watu waliousikiliza muziki wa wenzao kwa makini. Beatles nao waliipenda Stax, na mwaka 1966 kulikuwa na mpango waende kurekodi huko, ingawa haukutimia.

== Miaka ya mwisho na kifo ==

Baada ya albamu ya Melting Pot ya 1971 bendi ilitawanyika. Jackson alibaki Memphis na kurudi kwa Willie Mitchell, sasa mtayarishaji katika kampuni ya Hi. Pamoja na Mitchell na Al Green aliandika Let's Stay Together, iliyofika nafasi ya 1 Marekani mwaka 1972.

Septemba 1975 wanne hao walikubaliana kuirudisha bendi. Jackson alitakiwa kusafiri kwenda Detroit kikazi, lakini aliahirisha ili atazame pambano la Muhammad Ali na Joe Frazier lililorushwa kutoka Manila. Aliporudi nyumbani baada ya pambano alikuta wavamizi ndani, akapigwa risasi tano mgongoni. Alikuwa na umri wa miaka 39. Hakuna aliyewahi kutiwa hatiani kwa mauaji hayo.

Stax yenyewe ilifungwa Desemba mwaka huohuo kwa kufilisika, na jengo lake likabomolewa mwaka 1989. Mwaka 1992 Booker T. & the M.G.'s waliingizwa katika Rock and Roll Hall of Fame, Jackson akiwemo.