Edwin Armstrong: Fundi wa redio aliyeshindwa mahakamani

Kila redio inayonasa stesheni za FM inategemea ujuzi wa mtu aliyeanza ufundi wake darini mwa nyumba ya wazazi wake. Edwin Howard Armstrong alizaliwa New York, Marekani, mnamo Desemba 18, 1890. Maradhi ya utotoni yalimwachia mtetemo wa uso na bega, akazoea kukaa peke yake. Familia ilipohamia Yonkers mwaka wa 1902, alijaza dari kwa nyaya na koili, na uani akasimamisha mlingoti wa futi 125 ambao aliupanda mwenyewe.

Mnamo 1912, angali mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia, alipata jambo lililowashinda wakubwa wake. Vali ya redio wakati huo ilikuza mawimbi kidogo tu. Armstrong alichukua sehemu ya mawimbi yaliyokwisha kukuzwa, akayarudisha mwanzoni mwa saketi yakuzwe upya, tena na tena, mara maelfu kwa sekunde. Stesheni za mbali, zilizosikika kwa shida masikioni, zikavuma chumba kizima. Alipozidisha kiasi cha mawimbi yaliyorudishwa, saketi ile ile ilianza kutoa mawimbi yake yenyewe, na kipokezi kikageuka mtambo wa kurushia.

Alipewa hataza mwaka wa 1914. Hata hivyo Lee de Forest, aliyevumbua vali yenyewe, alidai kwamba ugunduzi ulikuwa wake. Kesi iliendelea kwa miaka mingi hadi 1934, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipompa de Forest ushindi. Wahandisi walishangaa, kwani ni Armstrong aliyeeleza jinsi saketi ilivyofanya kazi. Alipotaka kurudisha nishani waliyokuwa wamemtunuku, walikataa kuipokea.

Kufikia hapo alikuwa na jingine. Redio za zama hizo zilibeba sauti kwa kubadilisha nguvu ya mawimbi, na radi ikichapa, mngurumo wake uliingia pamoja na muziki. Armstrong aliiacha nguvu kama ilivyo, akabadilisha masafa. Hiyo ndiyo FM, aliyoipatia hataza Desemba 1933. Novemba 1935 aliwaonyesha wahandisi wa New York: maji yakimiminwa kwenye gilasi yalisikika katika spika kana kwamba yako mezani.

Kampuni ya RCA, ambayo mkuu wake David Sarnoff alikuwa rafiki yake na mwajiri wa zamani wa mkewe Marion, ilimruhusu kufanya majaribio juu ya jengo la Empire State, kisha ikamtaka aondoe mitambo. Alijenga mnara wake huko Alpine, New Jersey. Mwaka wa 1945 serikali iliihamishia FM kwenye masafa ya 88 hadi 108, na redio zilizokwisha kununuliwa zikabaki bure. Mwaka wa 1948 aliishtaki RCA. Mawakili walimla fedha na afya, na ndoa ikayumba. Usiku wa Januari 31, 1954, alijirusha kutoka nyumba yake katika ghorofa ya 13.

Marion aliendeleza kesi. RCA ililipa takriban dola milioni 1 mwaka huo huo, na kesi ya mwisho, dhidi ya Motorola, aliishinda mwaka wa 1967. Mnara wa Alpine haukubomolewa. Septemba 2001, antena za juu ya World Trade Center zilipoangamia, stesheni za televisheni za New York zilikimbilia huko ili ziendelee kutangaza.