Mtakatifu Augustino Ajiandaa Kurudi Nyumbani



Tunapomtaja Mtakatifu Augustino, wengi wetu tunakumbuka ujana wake wa mahangaiko, machozi ya mama yake, na uaskofu wake kule Hippo. Mara chache tunakumbuka kwamba kati ya ujana ule na uaskofu ule kuna miaka mitano aliyoishi ugenini, Italia, na kwamba kurudi kwake Afrika kulimgharimu kuliko kuondoka. Leo tuitazame safari hiyo.

Augustino alizaliwa mwaka 354 katika mji wa Thagaste, ambao leo unaitwa Souk Ahras, nchini Algeria. Baba yake, Patricius, hakuwa tajiri. Mama yake, Monika, alikuwa Mkristo wa sala. Kijana alisoma kwa bidii, akawa mwalimu wa ufasaha wa kusema, kwanza kwao, kisha Karthago. Mwaka 383 aliamua kwenda Roma kutafuta wanafunzi watulivu na jina kubwa zaidi. Monika alimfuata hadi pwani, akimsihi abaki, au basi waende wote. Augustino akamdanganya kwamba anamsindikiza tu rafiki anayengoja upepo. Usiku ule, wakati mama anasali katika kanisa dogo la Mtakatifu Sipriani karibu na bandari, meli ilitweka tanga. Kulipokucha, Monika alikuwa amebaki ufukoni na machozi yake.

Wanafunzi wa Roma walikuwa watulivu kweli, ila siku ya kulipa ada walimkimbia mwalimu. Mwaka 384 Augustino akapata kazi ya kufundisha Milano, mji alikokaa kaisari. Kwa kijana aliyetoka mji mdogo wa Afrika, mlango ulikuwa umefunguka. Monika naye alivuka bahari akamfuata. Ndoa ya heshima ikapangwa, na mwanamke aliyeishi na Augustino kwa miaka mingi, mama wa mwanawe Adeodatus, akarudishwa Afrika. Mtoto alibaki kwa baba. Augustino hakuliandika popote jina la mama huyo. Yeye ndiye aliyetangulia kurudi nyumbani, naye alirudi mikono mitupu.

Mahubiri ya Mtakatifu Ambrosi, Askofu wa Milano, pamoja na neema ya Mungu, yaliubomoa ukuta kidogo kidogo. Mwaka 386 Augustino aliongoka. Likizo ya mavuno ya zabibu ilikuwa imebakiza siku kama 20, naye akaona ni vema azivumilie, amalize vipindi vyake bila makelele, kisha aage. Kifua nacho kilikuwa kikimsumbua. Baada ya likizo aliwaarifu watu wa Milano watafute mwalimu mwingine. Katika mkesha wa Pasaka wa mwaka 387, Ambrosi alimbatiza pamoja na Adeodatus na rafiki yao Alypius.

Sasa walijiuliza ni wapi wangeweza kumtumikia Mungu vizuri zaidi, wakakubaliana kurudi Afrika. Evodius, mtu wa Thagaste aliyekuwa ameacha utumishi wa serikali, alijiunga nao. Tunaona hapa jambo la ajabu kidogo. Augustino alikwenda Italia kutafuta cheo, mali na ndoa. Alipofunga mizigo ya kurudi, hakuwa na hata kimoja kati ya hivyo. Alikuwa na ubatizo, marafiki wenye nia moja, mwanawe na mama yake.

Walifika Ostia, bandari ya Roma kwenye mlango wa mto Tiber, wakapumzika wakingoja kuvuka. Hapo ndipo Monika alipougua homa, na siku ya tisa akafariki, akiwa katika mwaka wa 56 wa umri wake. Tangu zamani alikuwa ameandaa kaburi lake Thagaste kando ya mumewe, na kila aliyemfahamu alijua jinsi alivyolijali. Navigius, ndugu yake Augustino, alitamani mama afie nyumbani. Lakini Monika aliwaambia wamzike popote, wasijisumbue na mwili wake. Aliwaomba tu wamkumbuke kwenye altare ya Bwana. Augustino aliyazuia machozi wakati wa mazishi, na baadaye, akiwa peke yake, akamlilia aliyemlilia kwa miaka mingi.

Safari nayo ilikwama. Maximus, jemadari aliyejitangaza kaisari, alikuwa ameivamia Italia, na njia ya bahari haikuwa salama. Augustino alirudi Roma, akakaa karibu mwaka mzima akiandika. Mwaka 388 ndipo alipovuka. Aliuza mali ya urithi, akaishi Thagaste na wenzake kwa sala na masomo. Muda si mrefu Adeodatus naye alifariki, angali kijana. Mwaka 391 waamini wa Hippo walimshika, akapewa upadre huku akilia. Hakuvuka bahari tena hadi kifo chake tarehe 28 Agosti 430, mji ukiwa umezingirwa na Wavandali.

Kwetu sisi, mtu akifariki mbali, mchango hupitishwa katika Jumuiya Ndogo Ndogo ili mwili urudi nyumbani. Ni desturi ya upendo, na wala hatuilaumu. Lakini zipo familia zisizoweza, na zipo zilizobaki na madeni na uchungu kwamba mzazi au mtoto wao amelala ugenini. Familia hizo zina mwenzao: wana wa Monika nao walimwacha mama yao Ostia wakapanda meli. Alichowaomba hakikuhitaji nauli. Nia ya Misa inaweza kutolewa katika kigango chochote, na inamfikia marehemu popote alipozikwa.

Nasi tunaojiandaa kwa upadre, tulio mbali na makwetu, tukumbuke kwamba siku ya kurudi tutaulizwa tumeleta nini. Augustino alileta moyo uliotulia, na Afrika ikala matunda yake kwa zaidi ya miaka 40.

Mtakatifu Monika na Mtakatifu Augustino, mtuombee.